Bustani Haina Benchi Jekundu

Kisii Mjini
14 Januari 2024

Mpendwa Tata,

Nimekupigia simu tangu Krismasi mpaka nimechoka kusikia kwamba mteja hapatikani. Momanyi wako wa boda ndiye aliyeniambia ukweli: ulitoa laini kwenye simu ukaifungia kabatini, chini ya blanketi za mama. Basi naandika. Barua nayo sijui utaifungia wapi.

Sina jipya, ni yale yale. Daktari wa kliniki ya macho iliyokuja Sironga hakuwa anatafuta wateja. Alikuambia una mtoto wa jicho macho yote mawili, na nyuma yake kuna presha. Alisema mtoto wa jicho anaweza kungoja lakini presha haingoji. Inakula, na ilichokula hairudishi. Hiyo ilikuwa Agosti. Ulinikataza nisilitaje, nami nikanyamaza, na huo ndio upumbavu wangu.

Nilipokuja Manga mwezi wa Desemba nilikuona ukimimina chai kando ya kikombe. Ukasema meza imeinama. Tata, ile meza uliitengeneza wewe mwenyewe, kwa pima maji! Nilipotaja hospitali ukanionyesha mlango: "Usirudi hapa mpaka uwe na maneno mengine." Sawa, sijarudi. Nimefunga ofisi ya wakili kila jioni nikaenda nyumbani kwangu kukaa na hasira zangu.

Lakini nimekuchukulia nafasi hospitalini, tarehe 27 Februari. Niandikie tu kwamba utakuja. Mstari mmoja unatosha.

Binti yako,
Nyakerario


Manga
24 Januari 2024

Kwa Nyakerario,

Barua yako imefika na nimeisoma. Nasema nimeisoma, kwa macho haya haya unayotaka yakatwe. Na hii naiandika kwa mkono wangu. Kipofu haandiki barua.

Simu niliitoa kwa sababu wewe kwenye simu husikilizi. Unapiga kelele, nakata, unapiga tena. Barua ni nzuri, mtu hawezi kumkatiza mwenzake.

Sasa tumalize ubishi huu kama watu wa vipimo. Ulipokuwa mtoto nilikuwa naficha kitu shambani, nakupa maelekezo, nawe unakitafuta katikati ya michai mpaka unalia. Juzi nilishuka mjini. Momanyi aliniacha kwenye lango la bustani, nikaingia peke yangu. Nimeficha humo sanduku la barua, lile dogo la bati lililokuwa likitundikwa mlangoni pa ofisi yangu ya upimaji. Ndani mna muhuri wangu wa kazi na kidau cha wino.

Ingia kwa lango la juu. Fuata njia ya kokoto mpaka benchi jekundu. Kaa. Mbele yako, kushoto kidogo, utaona mjakaranda mkubwa umesimama peke yake. Upande wake wa nyuma, usiotazama barabara, una shimo usawa wa kifua. Sanduku limo humo. Gonga muhuri kwenye barua, umpe Momanyi aniletee.

Ukilikuta pale nilipokuelekeza, utakuwa umekubali kwamba mtu awezaye kuficha kitu mjini na kumwelekeza mwingine mpaka hapo si kipofu, na neno hospitali hutalitaja tena. Likiwa haliko, nitakuja hospitali kwa miguu yangu.

Tata yako,
Ombati Nyasani
Mpima Ardhi (Mstaafu)


Kisii Mjini
4 Februari 2024

Mpendwa Tata,

Bustani haina benchi jekundu.

Nimetoka huko sasa hivi, na viatu vyangu vya kanisani vimejaa matope. Benchi zote zimepakwa rangi ya kijani. Njia ya kokoto haipo, wameweka matofali. Mjakaranda uliosimama peke yake nao haupo. Iko mitano, imepangwa kama wanafunzi kwenye gwaride, na yote nimeizunguka. Nimepapasa kila gome nikitafuta shimo, mbele ya watu waliokuja kupumzika na watoto wao. Kijana mmoja alimshika mpenzi wake mkono wakahama upande ule mwingine. Walidhani nimerukwa na akili, na sikuwalaumu.

Kwa hiyo haliko pale uliponielekeza. Umeshindwa, Tata. Tarehe 27 nitakungoja kituoni saa moja asubuhi.

Na jambo lingine. Kama ulikuwa na haraka, si ungengoja siku nyingine ndipo uandike? Herufi zako zimekuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza na mistari inapanda mlima. Mwandiko wako ndio uliokuwa ukinifanya nijivunie shuleni. Au unanidharau kiasi kwamba hata kuniandikia vizuri ni kazi?

Binti yako,
Nyakerario


Manga
13 Februari 2024

Kwa Nyakerario,

Kutopata kitu si sawa na kutokuwepo kwa kitu. Mpimaji akikosa kigingi hasemi shamba halina mpaka. Anarudi nyuma, anaanza upya.

Hujui kufuata maelekezo. Hukujua ukiwa na miaka minane na hujui leo. Benchi jekundu lipo. Mimi na marehemu mama yako tumelikalia mara nyingi, kila alipokuja kuningoja nitoke kazini. Huenda uliingia kwa lango la chini.

Nakuongezea. Ukiwa kwenye ule mti utasikia maji yakitiririka karibu na mguu wako wa kulia. Gome lake linakwaruza. Kuna harufu ya mahindi ya kuchoma na moshi unakuja usoni. Hapo hapo, nyosha mkono.

Kuhusu mwandiko, ni kalamu hizi za siku hizi. Zinateleza.

Tarehe 27 sitakuja. Sijashindwa bado.

Tata yako,
Ombati Nyasani


Kisii Mjini
3 Machi 2024

Tata,

Tarehe 27 nilikwenda kliniki bila wewe. Sijui ni kwa nini. Nilijiambia labda utashuka kwenye gari mwishoni ukinicheka. Niliketi na wagonjwa mpaka muuguzi akaita, "Ombati Nyasani!" Akaita tena. Nilitamani niitikie mimi. Akaita mtu mwingine, mzee wa rika lako, akaingia ameshikwa mkono na mjukuu wake. Nilimwonea wivu yule mjukuu, Tata. Nilimwonea wivu kwamba babu yake anashikika.

Na bustanini nimerudi. Nimeingia kwa lango la juu, nikaingia kwa lango la chini. Nimefuata harufu ya mahindi ya kuchoma: wachomaji wako kila kona ya ua, na moshi unakwenda unakopelekwa na upepo. Nimesikiliza maji: mtaro umezunguka bustani nzima. Jumapili iliyopita mvua ilininyeshea nimepiga magoti nyuma ya mti. Askari wa bustani akaja na rungu lake. "Mama, umepoteza nini?" Nikamwambia natafuta sanduku la barua la babangu. Akanitazama kwa huruma, akaniambia posta iko ng'ambo ya barabara.

Ashley, mwenzangu wa ofisini, anasema nchi nyingine watu wanaucheza mchezo huu kwa raha. Wanaficha visanduku bustanini, wanaandikiana vidokezo, wanakusanya mihuri. Labda wao wanataka kupatikana. Wewe nadhani hukuficha chochote. Nadhani uliketi hapo Manga, ukatunga mti, ukatunga na shimo lake, ili nizunguke mpaka nichoke.

Nimechoka. Nitakwenda mara moja tu tena. Daktari amekubali kuturudisha kwenye foleni baada ya Pasaka. Hakufurahi. Wala mimi sifurahi.

Nyakerario


Kisii Mjini
10 Machi 2024

Mpendwa Tata,

Nimelipata sanduku.

Muhuri wako nimeugonga hapo chini ya jina langu. Uutazame vizuri, kisha uniandikie ulichokiona.

Binti yako,
Nyakerario


Manga
17 Machi 2024

Mwanangu Nyakerario,

Siku barua yako ilipofika niliomba chai mbili.

Nimeutazama muhuri. Umetokea vizuri sana, jina langu lote linasomeka, hata ile nyota ndogo ya pembeni ambayo kwa kawaida haikubali wino. Umegonga kwa mkono thabiti. Hata makarani wangu wa zamani wengi walikuwa wakiuharibu.

Unaona sasa? Ulikuwa unalia bure. Benchi lilikuwepo na mti ulikuwepo, ilikuwa ni kutulia tu. Sikukasirikii kwa maneno uliyoyaandika, ya kwamba nilitunga. Mtu aliyechoka husema mengi.

Basi mkataba ni mkataba. Hospitali hatutaitaja tena. Mwambie daktari wako ampe mwingine nafasi, yule anayeihitaji. Nawe sasa una maneno mengine, kwa hiyo njoo nyumbani. Ndizi za nyuma ya jiko ziko tayari, na Sabato ijayo kuna ubatizo kanisani.

Nimefurahi kuliko nilivyofurahi kwa muda mrefu.

Tata yako,
Ombati Nyasani


Kisii Mjini
20 Machi 2024

Wewe unayemsomea babangu barua hii,

Simama hapo kwanza. Usiendelee kwa sauti.

Sikujui. Lakini najua upo, kwa sababu babangu hasomi barua zangu. Ule muhuri niliougonga si wake. Ni muhuri wa kuku, ule ambao walimu wa chekechea huwagongea watoto waliofanya vizuri. Niliuazima kwa jirani yangu mwalimu. Kuku mwekundu mwenye taji kichwani, na chini yake pameandikwa HONGERA. Tata ameniandikia kwamba ameona jina lake na nyota.

Nitakueleza jinsi nilivyofika hapo, maana wewe pengine ndiye peke yako utakayenielewa.

Tarehe tisa nilikwenda bustanini kwa mara ya mwisho. Nilinunua njugu kwa mama mmoja anayeketi nje ya lango la chini. Anaitwa Bonareri. Aliniambia, "Nimekuona ukizunguka miti wiki nyingi. Unatafuta kitu cha yule mzee kipofu?"

Nikamwambia, "Babangu si kipofu."

Hakubishana nami. Aliingiza mkono chini ya meza yake, akatoa sanduku la bati, nikalijua kabla hajaliweka mezani. Kisha akanisimulia. Alimwona Tata akiingia kwa lango la chini, siyo la juu, akitembea na kiganja juu ya ua. Alijigonga kwenye mlingoti wa taa, akauomba msamaha akidhani ni mtu. Alifika kwenye mkaratusi ulio karibu na choo, akaupapasa kwa mikono yote miwili kama mtu anayeosha mtoto. Akaliweka sanduku kwenye pengo kati ya mti na mtaro, likaanguka nje, wazi kabisa, juu ya nyasi, naye akaliacha akidhani limekaa. Aliporudi aliteleza mtaroni. Bonareri ndiye aliyemtoa, akamfuta damu gotini kwa leso yake. Tata akamwomba asimwambie mtu. Yule mama akaliokota sanduku ili wafagiaji wasilitupe, akawa anangoja mwenyewe aje.

Nilirudi nalo nyumbani. Muhuri wake ulikuwa ndani, mzima. Ningeweza kuugonga. Niliuweka mezani kando ya ule wa kuku, nikakaa nikiitazama yote miwili. Nusu ya moyo wangu ilitaka aninyamazishe, kwamba aandike, "Nyakerario, huyu kuku ni wa nini?" Ningeshindwa kwa furaha.

Alinielekeza kwenye bustani aliyokuwa akienda na mama, miaka ya zamani, kabla hawajakata ule mti na kupaka zile benchi. Ndiyo bustani pekee anayoiona.

Sasa niambie. Wewe ni nani, na Tata haoni tangu lini? Na utakapojibu, amua mwenyewe kama umsomee haya. Mimi sijui tena lililo sawa.

Nyakerario Ombati


Manga
24 Machi 2024

Dada Nyakerario,

Ni mimi, Mama Brandon, Jacinta, ambaye chai yangu imepakana na yenu. Unisamehe mwandiko, mikono imetoka kuchuma.

Nilisimama uliponiambia nisimame. Lakini Mzee masikio yake ni mazima. Akaniuliza, "Mbona umenyamaza? Amekataa kuja?" Nikamwambia, "Mzee, hii barua imeandikiwa mimi."  Kisha akasema, "Basi amejua." Akaniambia nisome yote, nisiruke hata neno. Nilisoma. Nilipofika kwa kuku alinyanyua mkono nisimame, nikamwona midomo inatetemeka, nikadhani analia. Kumbe ni hasira. Kisha nadhani vilikuwa vyote viwili.

Umeuliza tangu lini. Mimi alikuja kuniita mwaka jana, mvua za Aprili. Alisema miwani imevunjika, nimsomee somo la Sabato. Wiki iliyofuata ikawa bado miwani. Mwishowe, karibu na Krismasi, akasema, "Mama Brandon, jicho la kulia sioni hata taa. La kushoto naona kama mtu amenifunika gunia." Akaniapisha mbele ya Biblia nisikuambie. Barua zako nazisoma mimi. Zake anaandika mwenyewe, ameweka rula chini ya mstari, na akimaliza ananiuliza kama zinasomeka. Anachana nyingi. Nilimwambia mara ngapi, Mzee, mwambie mtoto. Ananijibu, "Amempoteza mama yake. Asianze kunibeba mimi."

Na kuna Ogoti wa Nyaramba, yule aliyekuwa akimbebea mnyororo wa kupimia. Ogoti alipelekwa kukatwa jicho mahali fulani, mbali, akaingia akitembea akatoka akishikwa. Mzee alikwenda kumwona. Tangu siku hiyo husema heri giza linalokuja polepole, unalizoea, kuliko lile la kufunguliwa bandeji.

Kuhusu kuku. Niliufungua ule ukurasa nikamwona, na taji lake. Mzee akaniuliza, "Muhuri umetokea?" Nikasema, "Umetokea, Mzee, vizuri sana." Sikusema uwongo. Nilimwapia kwa Mungu sitakuambia wewe, sikuapa kwamba nitamwokoa yeye na kuku. Nilijua unatafuta nini nikakuachia ukipate.

Njoo dada. Mimi nimechoka kuwa macho ya mtu anayekataa kuwa hana.

Jirani yako,
Jacinta, Mama Brandon


Manga
27 Machi 2024

Kwa Nyakerario,

Kuku!

Mimi ambaye nimepima mashamba kutoka hapa mpaka Nyaramba, watu waliokuwa wameshikiana mapanga wakayaweka chini kwa sababu Ombati amesema mpaka uko hapa. Unanigongea kuku, halafu unaniacha nimsifu.

Sitaki kusikia sababu. Mama Brandon ananishikia rula hapa na nimemwambia naye nitamfukuza nikimaliza.

Najua nilichoahidi. Nilisema kwa miguu yangu. Sikusema lini.

Ogoti alikuwa anaona kuliko mimi siku aliyoingia. Hilo fikiria kabla hujaandika tena.

Ombati


Kisii Mjini
31 Machi 2024

Tata,

Nimelifikiria. Nimekwenda hospitali nikamuuliza daktari habari za Ogoti. Hakumtibu yeye, hajui alivyofanyiwa. Hakuniahidi kitu, nami sikuahidi kitu. Alisema jicho la kulia huenda limekwisha. La kushoto bado liko kwenye njia hiyo hiyo, na kila mwezi tunaobishana linasogea.

Kuhusu kuku, sina la kujitetea. Nilikuwa nimekushindwa kwa kila njia nyingine. Ungeniambia "mwanangu, sioni," ningekuja Manga kwa magoti. Badala yake ulinituma kwenye miti. Ulimwambia Mama Brandon nisianze kukubeba, na huku kwa wiki nyingi nimekubeba mvuani bila kujua ninachobeba.

Umesema hukusema lini. Basi mimi nasema. Jumapili ijayo naja na gari, Momanyi atatusaidia kwenye kile kipande cha matope. Nitakaa kwenye ile meza mpaka uinuke. Ukiniambia nirudi, sitarudi. Ukichukua siku, nitalala. Mwajiri wangu nimeshamwambia.

Mama Brandon, hapa msomee polepole: Tata, naogopa kama unavyoogopa. Lakini siwezi kuogopa nikiwa Kisii nawe ukiogopa Manga. Tuogope mahali pamoja.

Binti yako,
Nyakerario


Kisii, wodini
18 Aprili 2024

Mpendwa Mama Brandon,

Simu nimeiacha ikichajiwa kwa wauguzi, na wewe umekuwa mtu wa barua, basi nakuandikia.

Uliona mwenyewe tulivyoondoka, siku ya tatu, amevaa koti la ofisi na hasemi nami. Njia nzima alikuwa akimwelekeza dereva, "Sasa pinda kulia," na dereva Mungu ambariki akawa anaitikia, "Sawa, Mzee," hata pale palipokuwa hakuna kona. Hospitalini alimwambia karani kwamba amekuja kwa miguu yake. Karani akaandika. Nadhani alidhani ni jina la mahali tulipotoka.

Daktari alimpima, akaniita pembeni, lakini Tata akasema, "Semea hapa. Nimechoka na watu wa pembeni." Basi akasemea hapo. Jicho la kulia limekufa, hakuna wa kulirudisha. Tungekuja Agosti ile, alisema, pengine lingebaki na mwanga kidogo. Tata akauliza, "Pengine?" Daktari akasema, "Pengine, Mzee." Mimi nilitoka nje nikapiga ukuta wa choo kwa kiganja mpaka mkono ukavimba. Hasira ile sina pa kuipeleka. Nikimtupia yeye, narudi nayo mwenyewe. Agosti nilikuwa wapi? Nilikuwa mjini, nimenyamaza kwa sababu aliniambia ninyamaze.

La kushoto walilifanyia kazi jana. Walimtoa mtoto wa jicho na kupunguza ile presha. Usiku hakulala wala mimi sikulala. Alinishika kidole kimoja tu, hiki kidogo, akawa anasema ni kwa sababu kitanda ni chembamba.

Leo asubuhi daktari akaja kufungua bandeji. Nikasimama miguuni pa kitanda, nikiomba bila maneno. Alipoitoa, Tata alifumba kwanza, nikamsikia akisema chini chini, "Ogoti." Kisha akafumbua.

Daktari akainua mkono wake. "Mzee, hivi ni vidole vingapi?"

 Tata alikuwa ameyageuza macho kunitafuta mimi. Akanipata, akanitazama, akakunja uso kama aliyeona kosa kwenye ramani.

"Nyakerario, sogea. Inama."

Nikainama nikidhani anataka kuninong'oneza. Akaninyoshea mkono, safari hii haukupapasa, ulikuja moja kwa moja mpaka hapa kando ya sikio.

"Hizi ni nini?"

"Ni mvi, Tata."

"Za nani?"

"Zangu."

"Tangu lini?"

"Zilianza mwaka tuliomzika mama."

Akazishika zile nywele, akazipeleka huku na huku kwenye mwanga wa dirisha. Mama Brandon, ni miaka minne sasa. Nimekula naye Krismasi zote hizo, nimeketi mbele yake nikigombana naye uso kwa uso, na kumbe yeye alikuwa akigombana na msichana ambaye hayupo.

"Na mbona hakuna mtu aliyeniambia?" akasema, kwa sauti ile ile ya kufoka unayoijua.

Nilikuwa na majibu mengi.  Nyuma yangu daktari alikuwa bado amesimama na mkono juu, mstahimilivu, akingoja.

"Viwili," Tata akamwambia, baada ya kumtupia jicho mara moja. "Sasa shusha mkono, nimwone mtoto wangu."

Wako,
Nyakerario